Jasho, Maji na Chumvi: Je, Mwanamichezo Anahitaji Pakiti za Elektroliti?

Mazungumzo ya afya ya umma kwa vilabu vya riadha, walimu wa michezo, wazazi na vikundi vya mazoezi



Katika maduka ya Iten, Kapsowar na miji mingine ya nyanda za juu, siku hizi rafu za vinywaji zimebadilika. Pembeni mwa soda na maji ya chupa kuna vinywaji vya rangi ya buluu, kijani na machungwa, na vipakiti vya unga wa kuchanganya na maji. Vyote vimeandikwa neno moja: elektroliti. Kijana anayeanza kukimbia huambiwa na wenzake kwamba bila pakiti hizo misuli itamkaza. Mzazi ambaye mtoto wake amechaguliwa katika timu ya shule hupewa orodha ya kununua, na pakiti hizo zimo. Anayetembea jioni kupunguza uzito naye hubeba chupa yake yenye rangi.

Swali la leo ni fupi: je, vitu hivyo vinahitajika? Jibu litolewe mwanzoni ili asiyeweza kukaa hadi mwisho aondoke nalo. Kwa watu wengi, katika mazoezi ya siku nyingi, havihitajiki. Maji safi, chakula cha kawaida na kusikiliza kiu vinatosha. Wapo wachache ambao hali zao zinadai chumvi ya ziada, na hao watatajwa. Wapo pia watu ambao pakiti hizo zinaweza kuwadhuru, na hao ni wengi kuliko inavyodhaniwa.

Elektroliti ni nini

Neno hilo linatisha lakini kitu chenyewe kipo jikoni. Elektroliti ni chumvi zilizoyeyuka katika maji ya mwili. Iliyo kubwa kwa mwanamichezo ni sodiamu, ambayo pamoja na kloridi ndiyo chumvi ya mezani. Nyingine ni potasiamu, iliyo kwa wingi katika ndizi, viazi, maharagwe na mboga za majani. Zipo pia kalisiamu, ambayo maziwa yana kwa wingi, na magnesiamu, inayopatikana katika nafaka zisizokobolewa, njugu na mboga.

Chumvi hizi zina kazi. Ndizo zinazowezesha neva kupeleka habari, misuli kujikunja na kujikunjua, na moyo kupiga kwa mpangilio. Sodiamu ndiyo inayoamua maji yakae wapi, ndani ya seli au nje yake. Kwa sababu kazi hiyo ni nzito, mwili haukuachia pakiti za dukani. Figo huchuja damu mchana na usiku. Chumvi ikizidi, huitoa kwa mkojo. Ikipungua, huizuia isitoke. Kwa mtu mwenye figo nzima anayekula mlo wa kawaida, hesabu hiyo hufanyika bila yeye kujua.

Jasho lina nini

Jasho lina ladha ya chumvi, na hapo ndipo biashara ilipoanzia. Ni vyema kufanya hesabu.

Mtu anayefanya mazoezi hupoteza kati ya nusu lita na lita mbili za jasho kwa saa, kutegemea ukubwa wa mwili, kasi na joto. Kila lita hubeba takriban gramu moja ya sodiamu. Watu hutofautiana: wengine hupoteza nusu gramu, wengine karibu gramu mbili. Gramu moja ya sodiamu ni sawa na gramu mbili na nusu za chumvi, yaani kama nusu kijiko cha chai.

Kwa hivyo aliyekimbia kwa saa moja kabla ya jua kuchomoza, akatoa lita moja ya jasho, amepoteza nusu kijiko cha chumvi. Akirudi nyumbani akala mkate, mayai yaliyotiwa chumvi, au ugali kwa sukuma wiki iliyokaangwa, atairudisha kabla ya siku kuisha. Potasiamu aliyopoteza katika lita hiyo ni kidogo zaidi, kama sehemu moja ya tano ya gramu. Ndizi moja ya wastani ina takriban gramu 0.4, karibu mara mbili ya iliyopotea. Magnesiamu inayotoka na jasho ni kidogo sana.

Kuna jambo la pili ambalo matangazo hayalitaji. Jasho lina chumvi kidogo kuliko damu. Lita moja ya maji ya damu ina zaidi ya gramu tatu za sodiamu, na jasho lina kama moja. Maana yake ni kwamba mtu anapotoka jasho, hupoteza maji kwa kiwango kikubwa kuliko chumvi, na damu yake huwa na chumvi nzito zaidi, si nyepesi. Ubongo hulitambua hilo na kuleta kiu. Kiu ni taarifa kwamba maji yamepungua, na tiba yake ya kwanza ni maji.

Mabingwa wanakunywa nini

Kaunti hii haihitaji kusafiri mbali kutafuta mfano. Mwaka 2004 mtafiti Mkenya Vincent Onywera na wenzake walichapisha matokeo ya kupima chakula cha wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu waliokuwa wakijiandaa kambini katika nyanda za juu za Bonde la Ufa. Karibu robo tatu ya nguvu yao ilitokana na vyakula vya wanga, hasa ugali, wali, mkate, viazi, na sukari ya chai. Kinywaji kilikuwa maji, zaidi kidogo ya lita moja kwa siku, na chai ya maziwa, pia zaidi kidogo ya lita moja. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wakimbiaji Wakenya wa kiwango hicho siku hadi siku, ukaona kwamba walikunywa kadiri walivyopenda, na kwamba miili yao ilikuwa na maji ya kutosha.

Mfano huo usichukuliwe kupita mpaka wake. Wakimbiaji hao walikuwa katika baridi ya asubuhi, mahali pa juu. Miili yao ilikuwa imezoea kazi hiyo kwa miaka. Hauonyeshi kwamba hakuna mtu yeyote anayehitaji chumvi ya ziada. Unaonyesha kwamba mtu anaweza kufika kiwango cha juu kabisa cha riadha akinywa chai na maji na kula chakula cha nyumbani.

Kuhusu maziwa, yapo matokeo mengine yanayofaa kusikika katika kaunti ya wafugaji. Mwaka 2016 watafiti nchini Uingereza walichapisha jaribio la kulinganisha vinywaji mbalimbali ili kuona kipi kinabaki mwilini kwa muda mrefu badala ya kutoka kwa mkojo. Maziwa yalibaki zaidi kuliko maji. Kinywaji cha michezo hakikutofautiana na maji.

Lakini vijana huuliza: mbona kwenye televisheni mabingwa huonekana wakinyakua chupa mezani? Ni kweli. Katika mbio za marathon huwekwa meza takriban kila kilomita tano, na wakimbiaji wakubwa huwekewa chupa zao. Kazi kubwa ya chupa hizo ni kubeba sukari. Mwili una akiba ya wanga ya kukimbia kwa kasi kwa muda usiofika mbali, kati ya saa moja na nusu na saa mbili hivi, na anayetaka kumaliza kilomita 42 kwa kasi lazima aongeze mafuta njiani. Chumvi imo, lakini si hiyo inayompeleka. Usione vyaelea, vimeundwa: chupa huonekana kwa sekunde mbili, na miaka ya mazoezi, ugali na usingizi haionekani.

Vinywaji hivi vilianzia wapi

Kinywaji cha kwanza maarufu cha aina hii kilitengenezwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, na daktari Robert Cade na wenzake. Walikitengenezea wachezaji wa kandanda ya Kimarekani: wanaume wakubwa, waliovaa kofia ngumu na mavazi mazito ya kujikinga, wakifanya mazoezi kwa saa nyingi katika joto lenye unyevu. Kwa watu wale na kazi ile, wazo lilikuwa na msingi. Tatizo lilikuja baadaye, kinywaji cha mchezaji wa Florida kilipouzwa kwa kila mtu anayevaa viatu vya mazoezi.

Maji nayo yanaweza kuzidi

Hapa ndipo panahitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu panahusu maisha ya watu.

Kwa miaka mingi wakimbiaji waliambiwa wanywe kabla ya kusikia kiu, na wanywe kadiri tumbo linavyoweza kubeba. Ushauri huo ulileta maafa. Mtu akinywa maji mengi kuliko anayoyatoa, sodiamu ya damu huchujuka. Maji huingia ndani ya seli, zikavimba, na ubongo hauna nafasi ya kuvimbia ndani ya fuvu. Mwaka 1985 Profesa Timothy Noakes wa Afrika Kusini na wenzake walieleza habari za wanamichezo wanne waliopatwa na hali hiyo baada ya kunywa kupita kiasi katika mashindano marefu. Tangu wakati huo, watu kadhaa wamekufa duniani katika mbio za marathon, jeshini na michezoni, kwa sababu ya maji mengi.

Mwaka 2002 watafiti walichukua damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kiwango cha kawaida, na watatu walikuwa katika hali ya hatari kabisa. Walioathirika zaidi walikuwa wale waliokunywa zaidi ya lita tatu njiani, waliotumia zaidi ya saa nne, na ambao uzito wao uliongezeka badala ya kupungua. Yaani si wale wa mbele, bali watu wa kawaida wanaokwenda polepole na kusimama kila meza.

Jambo la kushika ni hili: aina ya kinywaji haikuleta tofauti. Waliokunywa vinywaji vya michezo hawakukingwa. Sababu ni rahisi kuiona. Kinywaji cha michezo huwa na takriban nusu gramu ya sodiamu kwa lita, na damu ina zaidi ya tatu. Ukikimiminia mwilini kupita kiasi, nacho huchujua damu kama maji yanavyofanya. Kwa hivyo asidhani mtu kwamba rangi ya buluu inampa ruhusa ya kunywa bila mpaka. Mwaka 2015 wataalamu wa nchi mbalimbali waliokutana kuhusu tatizo hili walishauri kwamba kinga bora ni kunywa kufuata kiu.

Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, mikono kuvimba hadi pete inabana, kuchanganyikiwa, na mwishowe degedege au kupoteza fahamu. Mwenye dalili hizo baada ya kunywa sana asiongezewe maji. Apelekwe hospitali mara moja, na anayempeleka aeleze ni kiasi gani mgonjwa alikunywa. Maelezo hayo yanaweza kumwokoa, maana kwa macho hali hii hufanana na ya mtu aliyeishiwa maji, na matibabu yake ni kinyume.

Misuli inapokaza

Wengi hununua pakiti kwa sababu ya misuli kukaza. Wakimbiaji wa masafa marefu waliokazwa na misuli wamelinganishwa kwa vipimo vya damu na wenzao wasiokazwa, na kwa kawaida chumvi na maji ya pande hizo mbili hayakutofautiana kwa kiasi cha kueleza tatizo. Kinachoonekana zaidi ni uchovu wa misuli na neva zake: kwenda kasi kuliko ulivyozoea, au mbali kuliko ulivyojiandaa. Ndiyo maana mguu unaokaza ni ule uliofanya kazi, na si mwili mzima.

Msaada wa papo hapo ni kusimama na kuunyoosha msuli taratibu. Kinga ni kuongeza mazoezi kidogo kidogo. Kwa wachache wanaotoa jasho jingi lenye chumvi nyingi kwa saa nyingi, chumvi inaweza kuwa sehemu ya tatizo, na hao wataingia katika kundi linalofuata.

Nani anahitaji chumvi ya ziada

Kaunti hii ina hali mbili za hewa kwa siku moja. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yake inadai sweta. Shuka ukingo wa bonde kupitia Tambach hadi chini kwenye Bonde la Kerio, na joto la mchana linaweza kupita nyuzi 30. Ushauri wa juu hauwezi kuwa sawa kabisa na wa chini.

Chumvi ya ziada ina maana kwa watu hawa. Wa kwanza ni anayefanya mazoezi makali kwa zaidi ya saa mbili au tatu mfululizo, hasa juani. Wa pili ni anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku katika joto, bila nafasi ya kula vizuri katikati. Wa tatu ni yule ambaye shati lake likikauka hubaki na mistari myeupe ya chumvi. Wa nne hakimbii kabisa: ni anayevuna maembe au kulima ndengu bondeni tangu asubuhi hadi jioni, au anayejenga barabara, au anayesukuma mkokoteni. Huyo hutoa jasho jingi kuliko wakimbiaji wengi, lakini hakuna tangazo linalomlenga.

Kwa watu hao wote, chakula chenye chumvi ndicho cha kwanza: mkate, mayai ya kuchemsha na chumvi kidogo, viazi vilivyotiwa chumvi, au mchuzi. Maji yanywewe kidogo kidogo, kufuata kiu, kivulini. Asiyeweza kula kwa wakati huo anaweza kutumia kinywaji cha michezo, na si kosa. Madafu ni mazuri na yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo, hivyo yasitegemewe peke yake kurudisha chumvi ya jasho.

Anayetoka nyanda za juu kwenda kushindana mahali pa joto, iwe bondeni, Kisumu au Mombasa, afike mapema ikiwezekana. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Katika muda huo hujifunza kutoa jasho mapema na kupunguza chumvi iliyomo. Hakuna pakiti inayoweza kufanya kazi hiyo kwa usiku mmoja.

Njia rahisi ya kujua unapoteza kiasi gani ni kujipima uzito kabla na baada ya mazoezi, ukiwa na nguo chache na umejifuta jasho. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Kupungua kidogo ni kawaida. Ukikuta umeongezeka uzito, ulikunywa kupita kiasi. Mkojo wa rangi ya njano iliyofifia asubuhi huonyesha kwamba mambo ni sawa.

ORS si kinywaji cha michezo

Kuna pakiti moja ambayo kila nyumba inapaswa kuijua, nayo ni ORS. Imetengenezwa kwa ajili ya kuhara, si kwa mazoezi. Kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani iliyotumika tangu 2002, lita moja ya ORS ina takriban gramu 1.7 za sodiamu na gramu 13.5 za sukari aina ya glukosi. Kinywaji cha michezo kina sodiamu chini ya theluthi moja ya hiyo, na sukari ambayo mara nyingi hufika gramu 60 kwa lita.

Tofauti hiyo si ndogo. Mtoto anayehara akipewa kinywaji cha michezo au soda, sukari nyingi inaweza kuvuta maji kuingia matumboni na kuzidisha kuhara, huku chumvi anayoihitaji haimfikii. Mtoto huyo apewe ORS pamoja na zinki, aendelee kunyonya au kula, na apelekwe zahanati akiwa hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, macho yamezama au kuna damu katika choo. Pakiti nyingine za ORS ni za kuchanganya na nusu lita na nyingine ni za lita moja, kwa hivyo yasomwe maandishi. Ikikosekana kabisa usiku, nyumbani panaweza kuchanganywa vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, katika lita moja ya maji safi, wakati ORS inatafutwa. Vipimo visizidishwe. Chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto.

Familia inayopanga matumizi na ikumbuke hesabu hiyo. Pesa za pakiti za mwanamichezo mwenye afya zinaweza kununua mayai, ndizi na maziwa ya timu, na kuacha ORS moja au mbili kabatini kwa siku ya haja.

Wanaopaswa kujihadhari

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu tano za chumvi kwa siku kutoka vyakula vyote, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Wengi hupita kiwango hicho bila kugusa pakiti yoyote. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakujua. Mtu wa namna hiyo anapoanza kutembea jioni, anafanya jambo jema. Akiongeza chumvi chupani kila siku, anabomoa kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine.

Mwenye presha, ugonjwa wa figo au wa moyo asitumie pakiti hizi kabla ya kuzungumza na daktari. Potasiamu ya ziada inaweza kuvuruga mapigo ya moyo wa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi vizuri, au anayetumia baadhi ya dawa za presha. Mwenye kisukari naye asome kiasi cha sukari katika chupa.

Vinywaji vya kuongeza nguvu ni kitu kingine tena. Hivyo vina kafeini, mara nyingi kwa wingi, pamoja na sukari. Havirudishi jasho, na havifai kupewa watoto kabla ya mechi.

Kwa wanariadha wanaoshindana kuna hatari nyingine inayogusa riziki. Chini ya sheria za kupambana na matumizi ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni, ambazo hapa nchini husimamiwa na shirika la ADAK lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, mwanariadha huwajibika kwa chochote kitakachopatikana mwilini mwake, hata kama hakukusudia. Imewahi kuthibitishwa katika nchi mbalimbali kwamba baadhi ya virutubishi vya dukani vilikuwa na dawa zisizoandikwa kwenye pakiti. Kijana anayemeza unga asiojua ulikotoka, ambao hata hauhitaji, anaweka rehani miaka ya kazi yake. Chai ya nyumbani haina hatari hiyo.

Kwa walimu na makocha

Mtoto shuleni anayecheza kandanda, voliboli au kukimbia kwa saa moja anahitaji maji safi karibu na uwanja, ruhusa ya kunywa anapotaka, kivuli na mapumziko. Kumnyima maji ili awe mkakamavu ni kosa. Kumlazimisha anywe asipotaka ni kosa pia. Maji ya mtoni au ya tangi lisilofunikwa yachemshwe au yatiwe dawa kwanza, maana mechi moja inaweza kuishia kuharisha bweni zima.

Katika joto kali, michezo ifanywe asubuhi au jioni. Mtoto anayeacha kuelewa anachoambiwa, anayeyumba, ambaye ngozi yake ni ya moto sana, au anayezirai, huenda amezidiwa na joto. Mwondoeni juani, mvueni nguo za ziada, mmwagieni maji baridi mwili mzima na kumpepea, huku gari la hospitali likitafutwa. Msimlazimishe kunywa kitu chochote akiwa hana fahamu timamu. Hapo kinachookoa ni kupoza mwili haraka, wala si pakiti ya elektroliti.

Kwa muhtasari, wakazi wakumbuke haya. Mazoezi ya hadi saa moja na nusu: maji kufuata kiu, kisha chakula cha kawaida. Mazoezi au kazi ya saa nyingi juani: maji, kivuli, na chakula chenye chumvi au kinywaji cha michezo. Kuhara: ORS na zinki. Presha, figo au moyo: ushauri wa daktari kwanza. Na kwa kila mmoja, kuzidisha maji ni hatari kama kuyakosa.

Mwenye swali juu ya hali yake amwone mhudumu wa afya ya jamii kijijini kwake au afike zahanati iliyo karibu. Akifika, aombe apimwe presha pia, hata kama anajiona mzima.